Mbegu Tulizookota Kwenye Mavi

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na moja. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize. Miaka kumi nimekuwa msaidizi wa wanafunzi wa chuo kikuu wanaoletwa hapa Garsen kusoma bayolojia nje ya darasa. Magoti yangu sasa ni ya bibi kizee, mtoto wa pili yuko njiani, na uvumilivu uliisha kabla ya magoti.

Wiki iliyopita mwalimu wa sekondari aliniita niongee na kidato cha nne kuhusu kazi hiyo. Nikaenda na binti yangu Zawadi kwa kuwa sina pa kumwacha. Swali la kwanza: "Mama Zawadi, wanafunzi wa bayolojia huvaa koti jeupe hata porini?" La pili: "Kule kambini kuna Wi-Fi?" La tatu halikuwepo, kengele ilikuwa imelia. Nilirudi nyumbani nikiongea peke yangu njiani. Ndiyo maana naandika. Mkisoma angalau hamtanikatiza.

Bayolojia ya chuo kikuu si ule mchoro wa moyo mnaopaka rangi nyekundu upande mmoja na buluu upande wa pili. Ni kuinama. Unatandaza kamba ya mita mia kutoka ukingo wa mto hadi kwenye uwanda mkavu, kila baada ya mita kumi unalaza fremu ya mbao ya mraba, na kila kilichoota ndani ya fremu unakihesabu, unakipima na kukiandika. Ukimaliza unahamisha kamba. Jua la Tana mnalijua. Nimeona kijana wa mwaka wa pili, alama zake zote A, akikaa chini katikati ya fremu na kuuliza kama anaweza kukadiria.

"Kadiria kilo za ugali utakaokula jioni," nilimwambia. "Hapa hesabu."

Lakini msidhani mimi nilizaliwa nikijua. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kuandika lebo za chupa za wadudu. Chupa zina spiriti, mdudu ndani, na karatasi ndogo inayosema ametoka wapi na lini. Mimi, mwenye mwandiko mzuri kuliko wote, niliandika kwa biro ya buluu kwa sababu ilipendeza. Kesho yake chupa zote zilikuwa buluu kama nguo ya shule iliyofuliwa vibaya, na karatasi zote nyeupe. Spiriti ilikuwa imekula wino. Mende wa shamba la mpunga na mende wa msituni, hakuna aliyejua nani ni nani.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Charo, fundi wa maabara aliyekuwa akija na wanafunzi kila mwaka. Mgiriama mfupi, hana shahada, na hata madaktari wa chuo walikuwa wakimwogopa. Alizipanga zile chupa mezani, akaziangalia moja moja, akasema, "Hizi ni takataka zilizohifadhiwa vizuri." Basi. Akanipa penseli. Siku tatu nilirudi kwenye matope kukusanya upya, naye akinywa chai kivulini na kuniuliza kila nikipita, "Mwandiko mzuri, umefika wapi?"

Tangu siku hiyo naandika kwa penseli, na naandika mara mbili: lebo ya mwanafunzi, na daftari langu mwenyewe la kurasa mia mbili. Hakuna aliyeniagiza. Niliogopa tu kurudi matopeni.

Kuna mengine ninayoweza kuwapa bure. Majani ya kuhifadhi yanabanwa kati ya magazeti, na magazeti yabadilishwe kila siku, si kila ukikumbuka. Mmoja aliyatia kwenye mfuko wa plastiki akaulaza hemani siku nne. Alipoufungua tulihama hema. Ukitaka kujua jina la mti muulize anayeukata kuni, halafu uende ukahakikishe kitabuni, kwa maana anayeukata naye huongopa akitaka uondoke haraka. Na usiwahi kumwambia mwenye shamba kwamba umekuja "kuangalia tu". Watu hapa wakisikia mgeni anaangalia tu, wanajua ardhi yao inauzwa. Sema unahesabu nini na kwa nini. Ukishindwa kusema kwa nini, rudi chuoni ukaulize.

Fundi Charo alinichukua mara moja hadi maabara ya chuo, wiki tatu, nikasaidie kupanga sampuli. Mnafikiri maabara ni pahali pa werevu. Ni pahali pa kurudiarudia. Siku mbili nzima alinifanya nipime chai ya rangi kwa pipeti, tone kwa tone juu ya mizani, mpaka kila tone likawa na uzito mmoja. Pipeti ina mibonyezo miwili: wa kwanza wa kufyonza, wa pili wa kumwagia mpaka mwisho. Ukianza na wa pili umechukua zaidi na kila hesabu baada ya hapo ni uongo. Siku mbili nimezungukwa na chai na sikuonja.

Huko ndiko nilikojifunza pia kuhusu mbegu ya mathenge, ule mti wa kuletwa uliovamia kingo za mto. Mti wenyewe hamhitaji kuelezwa, mmechomwa na miiba yake wote. Mbegu yake ina ganda gumu. Ukiitoa kwenye ganda la tunda ukailaza kwenye pamba yenye maji, inaweza kukaa hapo ikikuangalia mpaka likizo. Kwa hiyo maabara huikwaruza kwanza: kashimo kadogo kwa kikata kucha, maji yanaingia, inaota kwa siku chache. Kumbukeni hilo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nilimkasirikia Habiba.

Habiba ni binti wa Mzee Galgalo, Muorma mwenye boma upande wa malka yetu. Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni kunywa. Wa Garsen mnaijua, wengine sasa mmejua. Alikuwa msichana wa kwanza wa boma lile kufika chuo kikuu, na alikuwa anasoma bayolojia. Baba zake wadogo hawakutaka, walitaka aolewe. Mzee Galgalo aliwaambia, "Nipeni miaka minne. Akirudi bila cheti, mtasema ninyi." Wakakubali mbele ya watu. Miaka mitatu ikapita, wa nne ukaingia, na Habiba akaja kwangu na mradi wake wa mwisho: mathenge inasambaa vipi kando ya mto? Daktari aliyekuwa akimsimamia alidhani ni mafuriko yanayobeba mbegu. Kazi ya Habiba ilikuwa kuokota mbegu sehemu mbalimbali, kuzipeleka maabara, na kuona zipi zinaota.

Tuliokota wiki mbili. Mtini, mchangani, kwenye takataka za mafuriko. Na malkani, kwenye mavi makavu ya ng'ombe, kwa sababu ng'ombe wanapenda yale maganda matamu kuliko watoto wanavyopenda peremende, na mbegu zinatoka upande wa pili nzimanzima. Unavunja mavi kwa mkono, zinadondoka. Ndizo zilizokuwa rahisi kuliko zote kupata.

Nikamwona anaandika kwenye bahasha: *ardhini*.

"Habiba, hizi zimetoka kwenye mavi."

"Na mavi yalikuwa wapi, Mama Zawadi? Si ardhini?"

"Andika mavi, mama."

"Nitaeleza kwenye ripoti."

Nilikuwa na Zawadi mgongoni akilia, jua utosini, na bado fremu sita. Nikaandika langu daftarini, *bahasha 14 hadi 19, mavi makavu ya ng'ombe, malka*, nikaacha la kwake kama lilivyo. Hilo ni kosa langu na nalisema. Fundi Charo angechana ile bahasha.

Miezi miwili baadaye simu ikaita. Habiba. Analia mpaka sisikii neno.

Mbegu zake za "ardhini" zilikuwa zimeota karibu zote, bila kukwaruzwa, wakati zile za mtini zimelala kama kokoto. Daktari hakuwa mjinga. Mbegu iliyookotwa chini tu haioti hivyo. Akamwita ofisini, akamwambia ama alizikwaruza kwa siri ili matokeo yapendeze, ama alibadilisha bahasha, na udanganyifu kwenye mradi wa mwisho ni kurudia mwaka.

"Si umwambie zilipotoka," nikasema.

"Siwezi."

"Huwezi kutamka mavi?"

Hapo yakatoka yote. Mwaka wa kwanza mwenzake wa chumbani alikuwa akipuliza manukato juu ya kitanda cha Habiba, si chake mwenyewe. Darasani wakamwita Maziwa Lala, yaani mtindi. Akijibu swali lolote la wanyama, kuna anayelia *mooo* nyuma. Miaka minne alijitahidi neno ng'ombe lisikaribie jina lake, na sasa aende kwa Daktari aseme alikuwa amepiga magoti akivunja mavi ya ng'ombe wa babake.

Nilimhurumia, ndiyo. Nilimkasirikia zaidi. "Sikiliza," nikamwambia. "Hao wa *mooo* hawatarudia mwaka. Utarudia wewe. Na wewe huna mwaka wa kurudia, unajua mwenyewe wanaosubiri nyumbani."

Akakata simu.

Kwa bahati, na bahati kwangu haiji mara nyingi, mwezi uliofuata Daktari alikuwa analeta darasa la mwaka wa pili kambini kwetu kwa siku kumi. Akamleta Habiba pia, na baadhi ya wenzake wa mwaka wa nne kama wasaidizi. Alisema anataka kuona yeye mwenyewe mbegu zilipookotwa. Habiba aliteremka kwenye gari la mwisho, amekonda, hanitazami.

Sikusubiri chai. Nilimfuata Daktari na daftari langu, nikamfungulia ukurasa. Akausoma. Ni mtu mrefu, mpole wa sauti, asiyebadilisha uso.

"Mama Zawadi, wewe unamhurumia huyu msichana. Daftari lako lingeweza kuandikwa jana."

"Daktari, ukurasa huo ulimwagiwa uji na mtoto wangu siku ileile. Uji umeshaota ukungu. Wewe ni mtu wa bayolojia, niambie huo ukungu ni wa jana."

Akaliinua daftari karibu na miwani. Nadhani alilinusa. Kisha akasema, "Hili nataka kulisikia kwake," akaita watu wote, jambo ambalo mimi singelifanya. Wanafunzi thelathini wakasimama nusu duara, na wale wa mwaka wa nne wakiwa mbele.

"Habiba, bahasha ya kumi na nne hadi ya kumi na tisa. Mbegu zilitoka wapi?"

Nilikuwa na maneno yamejaa mdomoni na niliyameza, na nawaambia kumeza huko kuliniuma kuliko kujifungua. Haikuwa yangu ya kusema.

"Kwenye kinyesi," akasema.

"Cha nini?"

"Cha ng'ombe."

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa baba yangu."

Mmoja wa wale wa mwaka wa nne akalia *mooo*, kidogo, ya kuonja. Daktari hakugeuka. "Aliyetoa sauti hiyo ataokota sampuli mpya pamoja naye," akasema. "Kwa mikono. Tuna siku tisa. Zikiota hapa mbele yangu bila kukwaruzwa, tutaongea. Zisipoota, Habiba, tumemaliza."

Tukaenda malkani. Kijana wa *mooo*, jina lake Brayo, alikuwa amevaa viatu vyeupe. Sitasema zaidi kuhusu viatu. Tulipofika ng'ombe wa Mzee Galgalo walikuwa wanashuka, vumbi mpaka mbinguni, na mzee mwenyewe nyuma yao na fimbo begani. Akasimama akamwona binti yake ameinama, mkono ndani ya mavi, mwenzake pembeni anajaribu kutumia vidole viwili tu.

"Mama Zawadi," akaniita. "Hiki ndicho chuo kikuu?"

"Ndicho, Mzee."

"Miaka minne?"

"Minne."

Akamtazama Brayo muda mrefu. "Na huyu je? Babake anajua?"

Habiba akacheka. Mara ya kwanza tangu ateremke garini. Brayo naye akacheka, ikabidi, na akaingiza mkono mzima.

Tulipanda visahani vitatu vya kitambaa chenye maji. Kimoja mbegu za tundani bila kuguswa. Kimoja mbegu za tundani zilizokwaruzwa kwa kikata kucha changu mwenyewe. Kimoja mbegu za mavi. Daktari alikuwa nasi kuanzia kuokota hadi kupanda, akafunika visahani, akatia sahihi juu ya kila kifuniko, na kuviweka hemani kwake. Mimi nilimwambia Zawadi akikaribia hema lile nitamrudisha tumboni.

Siku ya kwanza hakuna. Ya pili Daktari akasema mbegu zimevimba, lakini kuvimba si kuota. Habiba hakula. Nilimpikia wali wa nazi akausukuma pembeni, nikamwambia njaa haijawahi kuotesha mbegu ya mtu yeyote. Jioni akaja jikoni, akakaa kwenye dumu la maji lililolazwa.

"Zisipoota?"

"Utaolewa, utaniletea pilau, na nitaila kwa hasira."

"Mama Zawadi, mimi sichezi."

"Na mimi sichezi. Ungeandika neno moja. Neno moja, Habiba. Mimi nimeishia kidato cha nne na nililiandika."

Alichukua sufuria akaanza kuisugua. Nilijuta kidogo, lakini sikulirudisha neno, na hata leo silirudishi.

Asubuhi ya nne Daktari alitoka na visahani kwenye trei, akavipanga mezani, akafunua kimoja kimoja. Cha kwanza: kokoto. Cha pili: mizizi myeupe, midogo, kama nyuzi za kushonea. Cha tatu akakifunua polepole, na wote tuliinamisha vichwa mpaka Brayo akamgonga Daktari. Mizizi. Karibu kila mbegu. Tumbo la ng'ombe lilikuwa limefanya kazi ya kikata kucha.

Daktari alihesabu mara mbili kwa lenzi. Kisha akavua miwani. "Hukukwaruza," akamwambia Habiba. "Uliandika uongo kwenye bahasha tu. Kwa uongo huo nitakukata alama, na utanipandia hizi zote upya maabara, na utaandika upya sura nzima, kwa sababu si mafuriko peke yake yanayosambaza huu mti. Una wiki sita. Unaweza?"

"Naweza."

"Ungeniambia mapema ningekuwa nimekupongeza."

Hilo ndilo nataka mlisikie, ninyi mtakaoingia huko. Habiba alikuwa ameokota jambo zuri kuliko alilotumwa kutafuta, akalificha kwa sababu lilinuka harufu ya nyumbani kwao. Nimeona wengi wa aina hiyo. Mpokomo anayejua samaki wote wa mto kwa majina halafu darasani anasubiri mwingine aseme. Mgiriama anayejifanya hajawahi kuona kumbikumbi. Mnaenda chuoni mmebeba elimu ya miaka ishirini mgongoni, mkifika langoni mnaitupa, halafu mnaanza kunakili ya mtu kutoka pahali pasipo hata mto. Inaniudhi. Inaniudhi kuliko viatu vyeupe.

Habiba alimaliza kwa wiki tano. Akapita, si kwa daraja la kwanza, zile alama alizokatwa zilimshusha, na alizistahili. Aliporudi na nakala ya mradi, imefungwa kwa jalada jeusi, alinipitia kwanza ili twende pamoja kwa babake, nadhani kwa kuogopa kwenda peke yake. Nilienda kwa sababu nilitaka daftari langu ambalo Daktari alikuwa amelichukua akampa yeye.

Baba zake wadogo wawili walikuwepo, wameketi, nyuso ngumu. Habiba akafungua ukurasa wa jinsi kazi ilivyofanywa, akaanza kumsomea babake, akiugeuza kwa Kiorma sentensi kwa sentensi, na mimi nikipata Kiswahili katikati.

Mzee Galgalo akainua mkono. "Hapo. Umesema ng'ombe. Ng'ombe gani?"

"Wako."

"Wangu wameandikwa?"

"Wameandikwa, baba. Na malka imeandikwa."

Mzee akawageukia ndugu zake, akawaambia kitu kifupi, na mmoja wao akaukunjua mguu aliokuwa ameukalia. Kisha akamrudia binti yake, na sasa hakuwa anatabasamu.

"Umeandika mbegu zinatoka wapi. Hujaandika zikiingia zinafanya nini. Yale maganda yanaozesha meno. Ng'ombe anashindwa kutafuna, anakonda, anakufa na nyasi mbele yake. Umeandika wangapi nimepoteza?"

Habiba alifungua mdomo. Nilidhani atasema hilo halikuwa kwenye mradi, na lingekuwa kweli.

Aligeuza mradi wake mpaka ukurasa mweupe wa mwisho, akauweka gotini, akatoa kalamu.

"Nitajie majina yao," akasema. "Anza na wa kwanza kufa."